Mabomu Sita ya Makaburu

Jumatano ya tarehe 24 Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alisimama mbele ya kikao maalumu cha Bunge mjini Cape Town akakiri jambo ambalo serikali za Makaburu zilikuwa zimelikana kwa miaka mingi. Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu ya nyuklia. Kazi haikuishia kwenye utafiti wala kwenye michoro. Mabomu sita yalikuwa yamekamilika, na la saba lilikuwa bado karakanani wakati amri ya kusimamisha kazi ilipotoka. Kisha akaongeza kwamba mabomu hayo hayapo tena: yamekwisha kuvunjwa, na urani iliyokuwa ndani yake imeyeyushwa.

Mpaka leo hakuna nchi nyingine iliyounda silaha hizo yenyewe kisha ikaziacha zote. Ukraine, Belarus na Kazakhstan nazo ziliachana na mabomu, lakini yao yalikuwa ya urithi tu, yaliyobaki katika ardhi yao Muungano wa Kisovieti uliposambaratika. Ndiyo maana kila anayeandika habari za kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia hufika Pretoria, na mara nyingi akifika huko humpa De Klerk sifa zote. Naona sifa hizo zimegawanywa vibaya. Afrika ilikuwa imelikataa bomu zaidi ya miaka thelathini kabla ya siku ile ya Cape Town, na mlango aliopitia De Klerk ulijengwa na watu ambao serikali yake iliwaita magaidi.

Bara letu liliingia katika habari hizi kupitia mgodi. Huko Katanga, karibu na Likasi, upo mgodi wa Shinkolobwe, ambao madini yake yalikuwa na urani kwa kiwango kisichopata kuonekana kwingine: mawe bora yaliyochaguliwa yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, alihofia Wajerumani wasije wakayapata madini hayo, akayapeleka Marekani kwa meli. Yalikuwa zaidi ya tani 1,000, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipoanza kutafuta urani ya bomu, mzigo ulikuwa unangoja. Sehemu kubwa ya urani iliyoiangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa na kuchambuliwa kwa mikono na wafanyakazi wa Kikongo, katika jimbo ambalo Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya migodini. Mpango wote ulikuwa siri kuu, na wao hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya kazi gani.

Baada ya miaka 15 bomu lilirudi Afrika likiwa tayari kulipuliwa. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani 70,000 za baruti, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Wakati huo Waalgeria walikuwa vitani wakipigania uhuru wao, na hakuna aliyewauliza.

Lakini palikuwa na watu waliojaribu kuzuia mlipuko huo kwa miili yao. Desemba 1959 msafara mdogo wa magari uliondoka Accra kuelekea kaskazini, ukikusudia kuingia katika eneo la majaribio ili Wafaransa washindwe kulipua bila kuua mashahidi. Walikuwamo Waghana, Waingereza na Wamarekani, miongoni mwao Mchungaji Michael Scott na Bayard Rustin. Serikali ya Ghana ya Kwame Nkrumah iliwaunga mkono. Walisimamishwa Bittou, ndani kidogo ya Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, na jangwa hawakuliona. Mmoja wao, Mmarekani mweusi Bill Sutherland, baadaye alihamia Dar es Salaam na kuishi huko miongo mingi akivisaidia vyama vya ukombozi. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo ambalo vitabu vya diplomasia hulisahau: kwa kizazi kile, kupinga bomu na kupinga ukoloni vilikuwa kazi moja.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Ghana ilizuia mali za Wafaransa nchini mwake. Baada ya mlipuko wa tatu, Januari 1961, Nigeria iliyokuwa na umri wa miezi mitatu tu ilimfukuza balozi wa Ufaransa. Novemba mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1652, likizitaka nchi zote ziheshimu bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ufaransa iliendelea hata hivyo. Ilifanya majaribio 17 Sahara hadi mwaka 1966, yakiwemo yaliyofanywa baada ya Algeria kupata uhuru. Katika jaribio la tarehe 1 Mei 1962 huko In Ekker, mlima uliokusudiwa kuufunika mlipuko ulipasuka, na wingu la sumu likawafikia hata mawaziri wa Kifaransa waliokuja kutazama.

Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo. Mkutano huo unakumbukwa zaidi kwa azimio la mipaka lililoletwa na Mwalimu Nyerere, lile la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Katika siku hizohizo walipitisha tamko la kuifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia, wakaahidi kutotengeneza wala kumiliki silaha hizo. Ahadi ilihitaji mkataba wenye nguvu ya sheria, na mkataba haukuja kwa miaka 32. Kizuizi kilikuwa Pretoria.

Afrika Kusini ilikuwa na urani tele, iliyopatikana pamoja na dhahabu, na ilikuwa na marafiki. Mwaka 1957 ilitia sahihi mapatano na Marekani chini ya mpango wa Rais Eisenhower wa kutumia atomu kwa amani. Mwaka 1965 kinu cha utafiti cha SAFARI-1, kilichotoka Marekani, kilianza kazi Pelindaba, magharibi ya Pretoria. Mwaka 1970 Waziri Mkuu John Vorster alitangaza kwamba wanasayansi wake wamebuni njia yao wenyewe ya kurutubisha urani, na kiwanda kikaanza kujengwa jirani, Valindaba. Marafiki hao wa Magharibi walisema haya yote ni ya amani, na baadhi yao waliendelea kusema hivyo hata ilipokuwa vigumu kusadiki.

Mwaka 1974 Vorster aliruhusu kazi ya silaha. Mwaka huohuo serikali ya Ureno ilipinduliwa, na ukuta wa makoloni uliowakinga Makaburu ukaanza kubomoka: Msumbiji na Angola zikawa huru mwaka 1975, na wanajeshi wa Kuba wakatua Luanda. Katika jangwa la Kalahari, kaskazini ya Upington, jeshi lilitwaa eneo liitwalo Vastrap likachimba visima viwili virefu, kimoja mita 385, kingine mita 216. Agosti 1977 kila kitu kilikuwa tayari kwa jaribio la kwanza. Kusema kweli urani ya kutosha ilikuwa bado haijapatikana. Mafundi walikusudia kupima mitambo tu kwa bomu lisilo na kiini chake. Lakini setilaiti ya Kisovieti ilikuwa imekwisha kuviona visima, kiongozi wa Kisovieti Brezhnev akamwandikia Rais Carter wa Marekani, na Wamarekani wakapeleka macho yao wenyewe. Kwa mara moja, mahasimu wawili wa Vita Baridi walisema neno moja, na Ufaransa na Uingereza zikawaunga mkono. Pretoria ikafunga visima ikaondoka.

Ikaondoka Vastrap, haikuacha kazi. Karakana ya siri ya Armscor, kampuni ya serikali ya silaha, ilijengwa magharibi ya Pretoria ikafunguliwa mwaka 1981. Bomu lenyewe halikuwa na ufundi mwingi. Lilikuwa la namna ileile ya Hiroshima: kipande kimoja cha urani kinafyatuliwa kama risasi ndani ya bomba kigonge kipande cha pili, na vikikutana mlipuko unatokea. Kila bomu lilihitaji takriban kilo 55 za urani iliyorutubishwa sana, lilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na lilikusudiwa kubebwa na ndege ya Buccaneer. Vipande viwili vya kila bomu viliwekwa katika vyumba tofauti vya chuma, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kuviunganisha peke yake.

Bomu lile lilikuwa la kumpiga nani? Mkakati ulioandikwa chini ya P. W. Botha, aliyemrithi Vorster, ulikuwa na ngazi tatu. Kwanza, wasikiri wala wasikanushe. Pili, hali ikiwa mbaya, waiambie kwa siri Marekani au nchi nyingine ya Magharibi kwamba silaha ipo. Tatu, ikishindikana, walipue moja hadharani ili Magharibi ishtuke na kuja kuwaokoa. Wakuu wa mpango walidai baadaye kwamba hawakukusudia kuudondosha moto huo juu ya mji wowote. Huenda ni kweli. Lakini serikali hiyohiyo ilituma makomando Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985, ikaua wakimbizi na wenyeji usingizini. Watu wa Maputo na Lusaka hawakuwa na sababu ya kuamini huruma yake, na mimi sioni kwa nini tuiamini leo kwa kurudi nyuma.

Hofu hiyo ilizaa mjadala mkali kati ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1979 Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, katika mihadhara ya Reith ya BBC alitoa hoja iliyowashtua wengi: Afrika nayo iwe na bomu. Alizitaja Nigeria, Zaire, na Afrika Kusini itakapokuwa chini ya Waafrika. Hakuwa akipenda vita. Aliona kwamba wakubwa hawataacha silaha zao mpaka waone zimeingia mikononi mwa watu wasiowaamini, na hapo ndipo watakapokubali zifutwe kwa wote. Hoja ile haikuwa ya kijinga, na unafiki alioulenga upo hadi leo. Lakini ilitaka watu maskini walipe gharama ya kuwatisha matajiri, bila uhakika kwamba watatishika. Serikali za Afrika hazikuifuata.

Wapo waliochagua njia nyingine. Abdul Minty, aliyekuwa uhamishoni Uingereza na baadaye Norway, mwaka 1979 alianza kuongoza kampeni ya kimataifa ya kupinga ushirikiano wa kijeshi na wa nyuklia na Afrika Kusini. Kwa miaka alizunguka na makabrasha, akiwaonyesha wajumbe wa Umoja wa Mataifa ni kampuni gani imeuza nini. Na Desemba 1982 Rodney Wilkinson, mzungu aliyekuwa akifanya kazi katika ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town, aliingiza mabomu manne ya kutega kwa niaba ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC, moja baada ya jingine. Mafuta ya nyuklia yalikuwa bado hayajatiwa ndani ya vinu. Mabomu yalilipuka mwishoni mwa juma, hakuna aliyekufa, na kazi ikachelewa kwa muda mrefu.

Kufikia mwaka 1988 sababu za kuwa na bomu zilikuwa zimekwisha. Majeshi ya Afrika Kusini yalikwama Cuito Cuanavale, nchini Angola. Desemba mwaka huo Angola, Kuba na Afrika Kusini zilitia sahihi mapatano ya New York, Wakuba wakakubali kuondoka na Namibia ikaahidiwa uhuru. Mjini Moscow Gorbachev alikuwa akiyakunja majeshi. Nchini kwenyewe, vikwazo na maasi ya mitaani vilikuwa vimeubana uchumi. Silaha iliyokusudiwa kuivuta Magharibi sasa ilikuwa ikiisukuma mbali.

De Klerk aliingia Ikulu Septemba 1989 na kabla mwaka haujaisha alikwisha kuamua. Kiwanda cha urutubishaji kilizimwa tarehe 1 Februari 1990. Kesho yake alisimama Bungeni akavifungulia vyama vya ukombozi. Tarehe 26 Februari, siku 15 baada ya Mandela kutoka gerezani, alitoa amri ya maandishi ya kuvunja mabomu. Kazi ilisimamiwa na Waldo Stumpf wa Shirika la Nguvu za Atomiki la Afrika Kusini, na profesa mstaafu, Wynand Mouton, akateuliwa kuwa mkaguzi wa nje. Bomu moja moja lilifunguliwa, urani ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba, maganda ya chuma yakaharibiwa yasitumike tena. Kufikia Septemba 1991 kazi ilikuwa imekwisha. Tarehe 10 Julai mwaka huo nchi ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoingia kuhesabu, liliukuta mwenge umezimwa tayari, likabaki kulinganisha majivu na daftari. Mwaka 1993, wakaguzi wakiwa wanatazama, visima vya Vastrap vilijazwa saruji.

Pamoja na mabomu, michoro na nyaraka za kiufundi zipatazo 12,000 ziliteketezwa. Sababu iliyotolewa ni kuzuia ujuzi usivuje, na ina uzito. Lakini mwenye kuandika historia hawezi kufurahia moto ule. Kiasi gani nchi nyingine zilisaidia, hasa Israel, na nini hasa kilimulika baharini kusini mwa bara tarehe 22 Septemba 1979, mwanga ulionaswa na setilaiti ya Marekani, ni mambo yanayobishaniwa hadi leo. De Klerk alishikilia kwamba hapakuwa na msaada wa kigeni. Wengi katika ANC walishuku pia kwamba haraka yote ile ilikuwa ya kuhakikisha serikali ya Waafrika hairithi silaha. Mimi naamini sababu zilikuwa nyingi na hiyo imo. Haipunguzi chochote: ANC yenyewe ilikuwa imekwisha kusema haitaki kuirithi.

Na hapa ndipo kazi ya miaka thelathini ilipoonyesha faida yake. Aprili 1993, wiki chache baada ya hotuba ya Cape Town, wataalamu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Umoja wa Mataifa walikaa Harare kuandika mkataba, mwenyekiti wao akiwa Balozi Oluyemi Adeniji wa Nigeria. Hawakuanza na karatasi tupu, maana msingi ulikuwa tamko la Cairo. Agosti 1994, serikali ya Mandela ikiwa na miezi michache tu, Baraza la Mawaziri lilipitisha sera ya taifa ya kuzuia kuenea kwa silaha za maangamizi, na Minty, aliyekuwa adui wa mpango ule, baadaye akakabidhiwa uenyekiti wa baraza la kuisimamia. Udhibiti huo haukuwa wa mapambo. Mwaka 2004 polisi wa Afrika Kusini walikamata kontena 11 za mitambo ya kurutubisha urani iliyotengenezwa nchini kwa ajili ya Libya, kupitia mtandao wa Mpakistani A. Q. Khan. Karatasi zilichomwa, mikono yenye ujuzi ilibaki.

Mei 1995, New York, Afrika Kusini ndiyo iliyozisaidia nchi kukubaliana kwamba Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia uendelee bila kikomo. Baadhi ya nchi zisizofungamana na upande wowote zililalamika kwamba Pretoria mpya iliwapa wakubwa walichotaka bure. Nikitazama jinsi wakubwa hao walivyoitunza ahadi yao ya kupunguza silaha, naona walalamikaji walikuwa na haki.

Wiki chache baadaye wajumbe walikutana Johannesburg na Pelindaba kukamilisha rasimu ya mkataba wa Afrika. Kituo kilekile kilicholilisha kwa siri bomu la ubaguzi kiliupa mkataba jina lake. Ulitiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996, Mtanzania Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Unakataza kutafiti, kutengeneza, kumiliki na kujaribu silaha za nyuklia, na kuzisimika katika ardhi ya mwanachama. Kwa sababu ya historia ya Afrika Kusini, una kifungu kinachomtaka kila aliyewahi kuwa na silaha hizo aziseme na kuzivunja mbele ya wakaguzi. Unakataza pia kutupa taka zenye mionzi, na kushambulia vituo vya nyuklia. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia, na ilichukua miaka 13. Iliyotimiza idadi, tarehe 15 Julai 2009, ilikuwa Burundi, nchi ndogo iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka vitani.

Mambo mawili bado hayajatulia. Pelindaba kuna akiba ya urani iliyorutubishwa sana, inayokadiriwa kilo 220, kutoka katika mabomu yale. Novemba 2007 makundi mawili ya watu wenye silaha yalivunja uzio wa kituo hicho usiku mmoja, na mfanyakazi mmoja akapigwa risasi. Marekani imeomba urani hiyo iondolewe, Pretoria ikajibu kwamba ni mali yake halali kwa matumizi ya amani. Namwelewa anayechoka kuamrishwa na wenye maelfu ya mabomu. Uzio uliovunjwa unabaki kuwa uzio uliovunjwa.

La pili liko katika bahari yetu. Ramani ya mkataba inavihesabu visiwa vya Chagos kuwa sehemu ya Afrika. Uingereza ilivikata kutoka Mauritius mwaka 1965, ikawahamisha wenyeji wote, na Diego Garcia ikawa kituo cha kijeshi cha Marekani. London imeshikilia kwamba mkataba hauhusu visiwa hivyo. Marekani ilitia sahihi itifaki za mkataba mwaka 1996, Rais Obama akazipeleka katika Seneti mwaka 2011, na Seneti haijaziridhia. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia sahihi mapatano ya kuirudishia Mauritius mamlaka juu ya Chagos, kituo kikibaki kwa miaka 99. Mauritius ni mwanachama wa Mkataba wa Pelindaba, nao unamkataza mwanachama kuruhusu silaha za nyuklia zisimikwe katika ardhi yake, ingawa unamwachia uhuru wa kuamua kuhusu meli na ndege za kigeni zinazopita au kutembelea. Kwa hiyo, mapatano yakianza kutumika, serikali ya Mauritius na Umoja wa Afrika watalazimika kuamua kama manowari na ndege za kivita zinazokaa Diego Garcia mwaka hadi mwaka zinaweza kuitwa wageni.